Kahawa ya ughaibuni twaitazama, ya Runyenjes na Imenti itaonyeshwa lini?

MCHEZA kwao hutunzwa, walinena wahenga. Hata hivyo, katika runinga zetu mkulima wa Meru na Embu bado hajapewa uwanja wa kuchezea.

Katika miaka ya 2000, jamaa nyingi nchini zilikuwa zikiharakisha chajio ili zitazame Cuando Seas Mía, tamthilia ya Mexico kuhusu Paloma, msichana mchuma kahawa aliyependana na kijana wa ukoo uliomiliki shamba. Tamthilia hiyo ya 2001 ilitokana na nyingine ya Colombia ya 1994, Café con aroma de mujer, ambayo nayo ilitengenezwa upya 2021 na kuingia katika Netflix. Kisa kimoja cha kahawa kimesimuliwa mara tatu na kingali kinauzika.

Mtazamaji wa Runyenjes au Imenti hahitaji kufafanuliwa mbuni ni mti gani. Meru na Embu, pamoja na Kisii, ndiko Waafrika walikoruhusiwa kwanza kulima zao hilo katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipoanza kulegeza marufuku yaliyowanufaisha masetla. Tangu hapo pamekuwa na uchaguzi wa vyama vya ushirika unaogawanya ndugu, gunia linalotoweka kiwandani usiku, na mama anayesubiri malipo ili mwanawe arudi shuleni. Mwandishi wa tamthilia angetaka nini zaidi?

Nikiulizwa kama mtazamaji ni vipindi vipi vya miaka ya karibuni vinavyostahili muda wetu, nitataja viwili kwa sababu ya funzo vilivyobeba.

Cha kwanza ni Country Queen, kilichoingia Netflix Julai 2022 kikiwa cha kwanza cha aina yake kutoka Kenya. Akisa, mwanamke aliyejijenga Nairobi, anarejea kijijini na kukuta kampuni ya madini ikinyemelea ardhi ya wazee wake. Wahusika wanachanganya Kiswahili, Kiingereza na Kikamba, kama wafanyavyo watu halisi. Mtu wa Kiritiri, ambaye jirani yake ng'ambo ya mto ni Mkamba, anakitazama kana kwamba kinasimulia habari za kwao.

Cha pili ni Sultana, kilichoanza katika runinga ya Citizen mwaka wa 2022. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, kupitia kampuni yao ya Jiffy Pictures, walimweka msichana kipofu wa Pwani katikati ya kisa, na taifa zima likamfuata. Walithibitisha kwamba hadithi haihitaji kuzaliwa Nairobi ili ipendwe Nairobi.

Ikiwa Pwani imeweza, Mlima Kenya mashariki kunakosa nini? Si visa. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka wa 2014, nyumba nyingi za Igembe na Tigania zilitikisika. Somalia ilifunga soko hilo Machi 2020 na kulifungua tena Julai 2022. Mnamo Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipozuia muguka, mzozo huo ulifika hadi mahakamani Embu: upande mmoja mzazi wa Pwani anayehofia mwanawe, upande wa pili mkulima wa Mbeere ambaye mmea huo ndio karo. Wote wawili wana haki ya kusikizwa. Taarifa ya habari huwapa dakika mbili. Tamthilia ingewapa msimu mzima.

Badala yake, Meru hujaa kwenye skrini siasa zinapochacha, kama ilivyokuwa Agosti 2024 Seneti ilipopiga kura ya kumng'oa Gavana Kawira Mwangaza. Jamii inayojiona kwenye runinga wakati wa ugomvi tu huishia kuamini kwamba ugomvi ndio sura yake.

Wenye vituo watasema kwamba gharama ya kupeleka waigizaji na mitambo mbali na jiji ni kubwa, na kwamba watangazaji wa bidhaa wanamtaka mtazamaji wa mjini. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Muuga FM na Wimwaro FM hazingedumu hewani iwapo Wameru, Waembu na Wambeere hawangekuwa wateja. Isitoshe, kanuni za utangazaji zinavitaka vituo visivyolipiwa vitenge asilimia 40 ya muda kwa vipindi vya humu nchini. Kasoro ni kwamba saa ndizo zinazohesabiwa, wala si mahali. Kituo kinaweza kutimiza sheria bila kamera yake kuvuka Thika.

Pana suala la bei pia. Baadhi ya vipindi bora zaidi vya Kikenya vimo katika ving'amuzi vya kulipia kila mwezi, ilhali mkulima wa kahawa hupokea malipo yake makuu kwa msimu. Anayechangia uchumi kwa jembe asifungiwe nje ya hadithi za nchi yake.

Mamlaka ya Mawasiliano na ianze kuhesabu pia mahali vipindi vinakotengenezwa. Kaunti za Meru na Embu nazo ziondoe ada na urasimu kwa watengenezaji filamu, kisha zitenge fedha za kuwafunza vijana uandishi wa miswada. Paloma alituliza kwa machozi ya kahawa ya Mexico. Yupo Paloma wa Manyatta pia, amebeba debe la buni mgongoni, na hakuna aliyemwelekezea kamera.