Siri ya Mtungi Aijuaye Kata

Siku moja tulikuwa pale mwalo wa Kibirizi tukisubiri dagaa. Mama mmoja alitoa fedha kwa wakala wa simu, akaandika jina, namba na kiasi, akaondoka. Daftari likabaki wazi mezani. Tulilisoma, tukaona haya, tukamfuata kumweleza. Alishika kichwa: "Jamani, shemeji zangu wakijua, ada ya watoto imekwisha!"

Daftari lile ni dogo. Kampuni ya simu inalo kubwa zaidi. Laini zetu zilisajiliwa kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Kampuni inajua jina lako, uliyempigia, saa uliyopiga, na kama ulikuwa Ujiji au Mwanga. Je, serikali ikija kuuliza, ijibu nini?

Tumesikia majibu mawili. Polisi walipotaka taarifa za watumiaji wa JamiiForums, mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, hakuzitoa. Alikamatwa Desemba 2016, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtoza faini ya shilingi milioni 3.

Jibu la pili lilisikika London mwaka 2024, katika baraza la kesi za kazi. Mpelelezi wa zamani wa Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo, alidai kuwa mwaka 2017 taarifa za simu ya Tundu Lissu zilipelekwa serikalini, kabla hajapigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba. Nani alipiga, hatujui. Lakini mama yeyote atajiuliza: yangekuwa ya mwanangu?

Hatusemi polisi wasisaidiwe. Mtoto akipotea, sisi ndio wa kwanza kuomba simu ifuatiliwe. Ila mwenye kushika amana aulize kwanza: nani anataka, kwa kesi gani, kwa amri ya nani? Kisha atoe kinachohusika tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatupa haki ya kuuliza taarifa zetu zinatumikaje, na kulalamika kwenye Tume.

Nasi tuanze nyumbani. Daftari la kikundi chetu cha kukopeshana linalala wapi usiku? Jirani akiuliza deni la mwenzetu, tunamjibu nini? Tusidai kwa makampuni uaminifu ambao sisi wenyewe hatuna.