Mshipa Uliozibuliwa Waweza Kuziba Tena

Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe pale Muhimbili mwaka 2015, mgonjwa wa Kibaha au Kisarawe aweza kuwekewa stenti bila kusafirishwa hadi India. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, naona tunaisifu mno siku ya stenti na kuzisahau siku zinazofuata.

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma, chenye kipenyo cha milimita 3 hivi. Huingizwa kikiwa kimekunjwa juu ya puto dogo, kupitia mshipa wa mkono au wa paja. Puto likijazwa, wavu hutanuka na kuuweka wazi mshipa wa moyo. Stenti za kwanza ziliwekwa mwaka 1986 huko Ufaransa na Uswisi. Yafaa ieleweke kwamba mafuta yaliyouziba mshipa hayaondolewi, bali hukandamizwa ukutani, na mwili huliona tendo hilo kuwa ni jeraha.

Basi jeraha hufanya kovu. Katika miezi inayofuata chembe za ukuta wa mshipa zaweza kuota kupita kiasi na kuubana upya. Stenti zilizopakwa dawa zimeipunguza sana hatari hiyo, lakini bado yamkabili zaidi mwenye kisukari, mwenye mshipa mwembamba, na yule ambaye sehemu yake iliyoziba ni ndefu. Kuna na kuziba kwa namna nyingine: damu kuganda ghafla ndani ya stenti. Hutokea mara chache, lakini huua. Sababu yake kubwa ni mgonjwa kuacha mapema aspirini na klopidogreli, kwa kuwa kifua hakimwumi tena, au fedha zimekwisha.

Wembamba wa mshipa hakuna aliyeuchagua. Sukari, sigara na vidonge ni mambo yanayoamuliwa nyumbani, si Muhimbili. Kwa hiyo napendekeza hospitali ya Tumbi, ile ya Wilaya ya Kisarawe na zahanati zao ziwe na daftari la waliowekewa stenti, ziwapime sukari na kuwahesabia vidonge. Watasema wagonjwa hao ni wachache. Ndiyo, na kwa sababu hiyo daftari halitakuwa zito.

Walimu wa baiolojia nao wana nafasi yao, wafundishapo mzunguko wa damu. Mwanafunzi aliyeelewa somo hilo atamweleza babu yake kwa nini asiache vidonge bila idhini ya daktari, na kwamba kifua kikimwuma tena aende hospitali usiku huohuo, asingoje siku ya kliniki.