Kamera Iangalie Miguu Yao

Kijana anayeteremsha gunia la tangawizi kwa baiskeli kutoka Mamba, wilayani Same, haamini breki zake. Akikaribia kona kali ananyoosha mguu nyuma na kukandamiza tairi kwa soli ya kandambili. Mpira unanuka, vumbi jekundu linatimka, gunia kwenye keria linamsukuma mgongoni. Wakati wa kupanda anasukuma, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye tandiko. Nimemkumbuka sana kila ninapotazama filamu za mbio za baiskeli, kwa sababu najiuliza: akija mtu na kamera, atamwonyesha nini huyu?

Mwaka 1976 Jørgen Leth wa Denmark alizipiga picha mbio za Paris–Roubaix, akatoa filamu ya A Sunday in Hell. Humo mafundi wanahudumia baiskeli, misuli inachuliwa, vumbi linawapaka nyuso kwenye barabara za mawe. Waendeshaji Merckx, De Vlaeminck na Moser wanaviziana kwa saa nyingi, kisha Marc Demeyer anawapiku wenzake ndani ya uwanja wa Roubaix. Hakuna anayelizwa aeleze utoto wake. Hata asiyewahi kuona mbio anaondoka akifahamu kwa nini mwendeshaji hujibanza nyuma ya mwenzake kukwepa upepo.

Sasa chukua Rising from Ashes ya mwaka 2012, ya T.C. Johnstone, inayosimuliwa na Forest Whitaker. Inahusu timu ya Rwanda, Adrien Niyonshuti aliyefika Olimpiki ya London, na kocha wao Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981. Ni filamu yenye moyo. Lakini nilipoimaliza nilikuwa najua zaidi maumivu ya Niyonshuti kuliko nilivyojua anapandaje mlima.

Wapo watakaonijibu kwamba mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 hayafichiki, na kwamba bila huruma ya watazamaji wa mbali timu ile isingepata hata baiskeli. Wana haki. Kufuta msiba ule kungekuwa uongo, na hakuna mwenye mamlaka ya kumnyima Niyonshuti kuwalilia nduguze waliouawa. Shida ninayoiona ni ya kipimo. Mzungu anapewa ujuzi, Mwafrika anapewa jeraha, na ufundi wa huyu wa pili unapita mbele ya kamera bila kuulizwa swali.

Matokeo yamekwisha kuipita simulizi hiyo. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani ya kinara wa pointi. Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa barabarani, wa kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zikirudi tena na tena kwenye mawe ya Kimihurura, na wengi wa walioanza hawakufika mwisho. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Milima yetu ilitosha kuwa hadithi.

Kwa hiyo nasema wazi: shirika la utangazaji la Tanzania, TBC, na Bodi ya Filamu watenge fungu, hata dogo, la filamu ya Kiswahili kuhusu mbio zenyewe. Waanze Kanda ya Ziwa, ambako mbio za baiskeli hujaza watu barabarani. Inahitajika bodaboda mwenye mkono mtulivu, mpiga picha nyuma yake, na msimuliaji anayejua wakati wa kunyamaza. Watoto wanaobanana kwenye vibanda umiza wanaitambua kuotea kabla mwamuzi hajapuliza, kwa sababu miaka yote watangazaji wamewaeleza mpira kwa lugha yao. Baiskeli haijapata mtangazaji wa namna hiyo.

Halafu kamera ipande Mamba. Ikae kwenye ile kona, chini kabisa, usawa wa tairi, na mtu amuulize kijana wa tangawizi ni wakati gani hasa anauachia mguu.