Tukifika Vuga, Tusimame

Likizo iliyopita tulijichanga wanachuo tisa, kila mtu akamega bumu lake, tukapanda boti kwenda Unguja. Safari zetu mnazijua: Ngome Kongwe, Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, jioni Forodhani kula urojo na kunywa juisi ya miwa. Njiani tukapita Vuga, mbele ya jengo jeupe lenye kuba. Mwongoza watalii akasema, "Hii ni mahakama, ilichorwa na Mwingereza Sinclair, ikakamilika 1908." Tukapiga selfi, tukasepa. Hata dakika mbili hazikufika.

Mimi nasema pale ndipo tulipotakiwa kukaa zaidi.

Mkunazini tuliambiwa soko lilifungwa 1873. Kiukweli wengi wetu tulitoka pale tukiamini kwamba utumwa uliisha siku hiyo. Haukuisha. Kilichofungwa ni soko. Aliyekuwa mtumwa kwenye shamba la mikarafuu aliamka kesho yake akiwa mtumwa vilevile. Ilichukua mpaka Aprili 1897 ndipo Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alipotoa amri kwamba mahakama zisitambue tena madai ya mtu kummiliki mwenzake.

Sasa sikilizeni masharti yake. Amri ile haikumwachia mtu huru moja kwa moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru. Bwana wake aliweza kulipwa fidia; yeye hakulipwa kitu. Akishapewa uhuru alipaswa kuonyesha ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria wao hawakupewa haki hiyo, labda wathibitishe kwamba wanateswa. Walisubiri hadi 1909. Yaani kuba la Vuga lilikamilika wanawake hao bado wako nje ya mlango.

Jiweke kwenye nafasi ya mtu yule. Utoke shamba kwa miguu, ukasimame mbele ya wakubwa uliowaogopa maisha yako yote, uwaombe uhuru wako. Wengi hawakwenda. Walibaki kulekule mashambani, wakapatana na mabwana zao.

Haya niliyasoma baada ya safari, na yalinigusa kwa sababu ya nyumbani. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, ndugu wa upande wake walichukua kiwanja chetu. Mama alikuwa na karatasi za mauziano zenye sahihi na mashahidi. Majirani wakamwambia, "Mama, nenda kwenye sheria." Akajibu, "Kule ni kwa wenye maneno." Kiwanja kikaenda hivyohivyo. Kwa miaka mingi nilimkasirikia kimoyomoyo. Leo naelewa kwamba sheria inaweza kuwa upande wako na bado mlango wake ukakushinda kuuingia.

Kuna rafiki yangu aliniambia: wewe nawe, mtu kaja kupumzika, mahakama ni mahali pa kazi, siyo makumbusho. Ana hoja. Sitaki tuvamie watu wenye matatizo yao na kamera mkononi. Lakini kusimama nje nusu saa tukaelezwa habari ya 1897 hakumsumbui mtu. Tena kesi nyingi husikilizwa hadharani; raia yeyote anaruhusiwa kuingia, azime simu, akae kimya, asikilize.

Nilijaribu. Wiki mbili baada ya kurudi nilikwenda mahakama ya mwanzo karibu na nyumbani. Kesi ilikuwa ya akina mama wawili wa sokoni wanaodaiana. Kila kitu kwa Kiswahili. Hakimu anauliza, mama anajibu, mwenzake anapinga, hakimu anaandika. Hakuna aliyekuwa na maneno makubwa. Nilitamani mama yangu angekuwa pembeni yangu kwenye lile benchi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wanaopanga safari zetu: wekeni Vuga kwenye ratiba, baada tu ya Mkunazini, maana hadithi ya Mkunazini haijaisha pale. Kwenu walimu watarajiwa wenzangu, hasa wa Historia na Uraia: tunawapeleka watoto Mikumi wakaone simba, ni vizuri. Tuwapeleke na mahakamani wakiwa bado na sare za shule, wajue mlango unaingiliwaje kabla hawajafika siku ya kuuhitaji.

Safari nyingine ya Unguja ikitangazwa, mimi nitajiandikisha. Mwongoza watalii akitaka kupita Vuga mbiombio, nitamwomba asimame.

Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya elimu, ana miaka 22.