Umeme unakatika Bukavu: takataka zetu ziko na sehemu yake

Umeme ukikatika Bukavu ao Uvira, jina la kwanza linalotoka mu midomo ya watu ni SNEL. Mashini ni za zamani, ni kweli: Ruzizi I ilijengwa mbele ya uhuru, Ruzizi II ikafuata mu miaka ya 1980. Lakini kuko sababu ingine, na hiyo inatoka mu nyumba zetu wenyewe.

Muto Ruzizi unatoka mu Ziwa Kivu hapa hapa Bukavu. Mvua ikinyesha, maji yanashuka toka Kadutu, yanajaza mitaro, yanapita mu muto Kawa na kubeba chupa na sashe mpaka ziwani. Halafu zinafika ku bwawa la Ruzizi I, zinaziba njia ya maji, zingine zinaingia mu turbini, na mashini inasimama. Wafanyakazi wanaokota zile zinazoelea, na wapiga mbizi wanashuka kutoa zilizozama.

Sasa tuangalie manunuzi ya siku moja. Chumvi mu sashe yake, sukari mu yake, sambaza mu yake, nyanya mu yake, kisha zote mu sashe kubwa. Sashe tano kwa chakula cha siku moja, na kazi yake inaisha mbele hata sahani hazijaoshwa.

Wengine watasema: masikini hawezi kutumia kupita kiasi. Iko kweli. Mwenye kupata pesa ya siku ananunua kidogo kidogo. Kinachopita kiasi si chakula, ni kile wanachokifungia. Na wenye uwezo wanazidisha: kwenye harusi, chupa ya maji kwa kila mualikwa, na sahani za kutupa. Kisha, anayelipa watu wa kubeba takataka, zake zinaondoka. Asiyeweza kulipa anangojea mvua.

Sheria iko. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki mu inchi yetu. Lakini sokoni zinauzwa mchana kweupe. Ngambo ya Ruzizi, Rwanda ilizikataza tangu 2008, na ukifika nayo ku mupaka wanakunyanganya. Mutu yule yule wa Bukavu, akivuka anaacha sashe. Akirudi anaomba ingine. Hiyo inaonyesha kama desturi inaweza kubadilika, sheria ikifuatwa.

Serikali ianzie ku mupaka na ku madepo makubwa, isikimbize mama mwenye kuuza nyanya. Bourgmestre aweke sokoni fasi ya kutupa takataka, na ikijaa itolewe. SNEL tuendelee kuidai umeme, ni haki yetu. Na sisi, kesho tukienda sokoni, tubebe kitunga: vile vitu vyote vinaenea mu kitunga kimoja.