Nani Mvamizi?

Kijana mmoja wa madrasa yetu hapa Isaka alituuliza kama babu yake alikuwa mvamizi. Neno hilo alilikuta katika habari ya zamani kuhusu Bulyanhulu, ambako Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu kuipisha kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Aliyechimba kwa sururu miaka mingi akaitwa mvamizi. Aliyekuja na leseni, mwekezaji. Madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni Serikali iliyakanusha, na msomaji hakuona haja ya kuuliza zaidi. Nani humlilia mvamizi? Tulimjibu kijana kuwa babu yake alikuwa mchimbaji. Wazee mliokuwapo, wasimulieni wajukuu mliyoyaona wenyewe.