Pancha ya Pikipiki: Kuziba au Kununua Tairi Jipya?

Asubuhi, kabla jua halijapanda, vijana wa boda boda wa Kabiria huwa wamekwisha kujipanga kando ya barabara, wakingoja abiria wa kwenda Satellite, Kawangware, Waithaka na Dagoretti Corner. Abiria wao ni makarani wanaowahi kazi mjini, akina mama wapelekao mboga sokoni, na watoto wa shule. Mwenye pikipiki huhesabu siku yake kwa safari, na wengi wao wana deni la pikipiki yenyewe, linalolipwa kila siku au kila juma. Basi msumari mmoja ukiingia katika gurudumu la nyuma saa moja ya asubuhi, si tairi peke yake lililotobolewa, bali na mfuko pia. Ndipo linapozuka swali: je, tairi hili lizibwe, ama litupwe na kununuliwa jipya?

Watu wengi hulijibu swali hilo kwa kutazama mfuko kwanza. Mwenye fedha kidogo husema, “Ziba”, mwenye hofu nyingi husema, “Tupa.” Wote wawili waweza kukosea. Kuzibua tundu dogo katika tairi zima na kulitupa tairi hilo ni hasara ya bure. Na kuziba tairi lililokufa ni hatari isiyo na kipimo. Jibu la haki hutoka katika mambo matatu: aina ya tairi, mahali palipotobolewa, na hali ya tairi lenyewe.

Kwanza yafaa kufahamu kazi ya tairi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hupata nguvu, wala hauyeyuki kwa joto. Kisha mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast katika Ireland, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa gurudumu la upepo, baada ya kumtengenezea mwanawe magurudumu ya namna hiyo kwa baiskeli ya miguu mitatu. Tangu siku hizo, mzigo haubebwi na mpira, bali hubebwa na upepo uliofungiwa ndani. Tairi ni mfuko wa kuuzuia upepo huo, na nguvu ya mfuko huo haimo katika mpira mweusi uonekanao, bali imo katika nyuzi ngumu zilizofumwa ndani yake. Basi ulizo la kwanza la fundi mwema si kama upepo unatoka, maana hilo kila mtu analiona. Ulizo lake ni kama nyuzi bado ni nzima.

Sasa juu ya aina. Pikipiki nyingi za boda boda zina magurudumu ya spoki, na ndani ya tairi mna tyubu. Katika gurudumu la namna hii, upepo hukaa katika tyubu, si katika tairi. Msumari ukipenya, fundi hufungua gurudumu, huitoa tyubu, huijaza upepo na kuizamisha katika karai la maji mpaka mapovu yamwonyeshe tundu. Kisha husugua mahali pale, hupaka gundi, huingoja ikauke kidogo, na hubandika kiraka. Kazi hii ikifanywa kwa uangalifu ni ya kudumu. Lakini fundi mwenye haraka husahau jambo moja: kupapasa ndani ya tairi kwa kitambaa ili autafute msumari uliobaki. Mara nyingi pancha ya pili ya siku ile ile si bahati mbaya, bali ni ule ule msumari wa kwanza.

Pikipiki nyingine zina rimu zisizo na spoki na matairi yasiyo na tyubu. Tairi la namna hii huandikwa ubavuni TUBELESS, na tairi la tyubu huandikwa TUBE TYPE. Mwenye pikipiki asiyejua lake na asome. Tairi lisilo na tyubu lina fadhila moja kubwa: msumari ukiingia, upepo hutoka polepole, maana msumari wenyewe huziba tundu. Kwa hiyo si vema kuung'oa njiani. Fundi hutia utambi wa mpira wenye gundi kwa chombo mfano wa shazia, bila ya kufungua gurudumu, na safari huendelea baada ya dakika chache.

Wepesi huo ndio unaowadanganya watu. Utambi uliotiwa kutoka nje ni wa kumfikisha mtu nyumbani au kwa fundi, tena kwa mwendo wa pole. Matengenezo kamili ni kulivua tairi, kulikagua ndani kwa macho na kwa vidole, na kutia kiraka chenye shina, kilicho na umbo la uyoga: shina lake hujaza tundu, na kichwa chake hushika upande wa ndani. Fundi asiyelivua tairi hawezi kujua kama nyuzi zimekatika.

Jambo la pili ni mahali. Tundu likiwa katikati ya uso unaokanyaga barabara, tena likiwa jembamba kuliko penseli, laweza kuzibwa. Watengenezaji wengi wa matairi huweka mpaka katika milimita 6; likipita hapo, dawa yake ni tairi jipya. Ubavuni haifai kuziba kabisa, hata tundu likiwa dogo kama la sindano. Ubavu hukunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka, na kiraka hakiwezi kurudisha nyuzi zilizokatika mahali penye kazi kama hiyo. Ukingo wa tairi nao si mahali pa kuaminiwa, kwa sababu pikipiki hulala inapopinda kona, na wakati huo ukingo ndio unaokanyaga. Gari lenye magurudumu manne likipasukiwa na moja, limebakiwa na matatu. Pikipiki ikipasukiwa na moja, imebakiwa na moja.

Jambo la tatu ni hali. Tairi lililokuwa kipara, au lenye nyufa za uzee, au linaloonyesha nyuzi zake, au lililokwisha kuzibwa mara kadha wa kadha, halistahili kiraka kingine. Vile vile tairi lililoendeshwa mwendo mrefu bila upepo, maana rimu huzisaga kuta zake kwa ndani, na kwa nje laweza kuonekana zima.

Mambo haya huonekana wazi katika mfano wa kijana mmoja wa Kabiria. Tairi lake la nyuma lilichanwa ubavuni na kipande cha bati karibu na mahali panapojengwa nyumba. Naye kila asubuhi alikuwa na amana ya mtoto wa jirani, wa kumfikisha shule. Alimwendea fundi mzee mwenye karai na pampu, akasema, “Shikamoo mzee. Nitilie kiraka upesi, mtoto ananingoja.”

Mzee akalishika tairi, akalikunja kwa vidole, mwanya ukafunguka kama mdomo. Akajibu, “Marahaba. Kijana wangu, tyubu nitaiziba. Lakini ukuta wa tairi hauna kiraka.”

“Lakini mzee, mwenzangu wa pale stendi alizibiwa hivi hivi, akatiwa na kipande cha tairi kuukuu ndani, na mpaka leo anaendesha.”

“Huyo unamwona kwa sababu anaendesha,” mzee akasema. “Yule asiyeendesha tena, utamwona wapi?”

Kijana akanyamaza. Kisha akampigia simu mwenzake amchukue mtoto siku ile, akaenda kukopa fedha ya tairi kwa kikundi chao. Alipoteza mapato ya asubuhi nzima, na deni lake likaongezeka. Hayo ni maumivu ya kweli, wala haifai kuyacheka. Lakini amana ya mtu hairudishwi kwa kiraka.

Mwenye kununua tairi jipya asinunue kwa macho tu. Na alinganishe kipimo na kile kilichoandikwa katika tairi la zamani au katika kitabu cha pikipiki. Pikipiki nyingi ndogo hutumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Na atafute tarakimu nne za tarehe ubavuni: zikiwa 2319, maana yake tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililolala dukani au juani miaka mingi laweza kuwa na meno marefu na mpira uliokwisha kukauka. Kama kuna mshale, uelekee upande wa mzunguko wa gurudumu. Tyubu nayo ibadilishwe pamoja na tairi, maana tyubu iliyokwisha kutanuka hujikunja ndani ya tairi jipya, na mahali pa mkunjo ndipo itakapopasukia. Baada ya hayo, kilomita 150 za kwanza ziendeshwe kwa upole, kwa kuwa tairi jipya huteleza mpaka uso wake usuguliwe na barabara.

Tena iko kinga iliyo rahisi kuliko kiraka na tairi. Upepo upimwe angalau mara moja kwa juma, asubuhi, tairi likiwa bado baridi, kwa kipimo kilichotajwa katika kitabu cha pikipiki. Tairi lenye upepo haba hupata joto na kuoza upesi. Na mzigo usizidi: sheria ya Kenya inaruhusu pikipiki kuchukua abiria mmoja tu, na tairi nalo halikutengenezwa kwa ajili ya watatu.

Inabaki habari ya fedha, ambayo ndiyo mzizi wa jambo lote. Tairi halifi ghafula. Meno yake huisha kidogo kidogo, mbele ya macho ya mwenyewe. Basi atengaye shilingi 20 kila siku ya kazi, kwa siku 26 za mwezi, atakuwa na shilingi 520, na baada ya miezi sita shilingi 3,120. Siku tairi litakapokufa, ataingia dukani kwa miguu yake mwenyewe, wala hatakwenda kubembeleza mkopo huku abiria wakimwita.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni la kweli, na kwa tundu dogo la katikati lapasa kufuatwa siku ile ile. Lakini mjenzi mwenye akili huutazama ukuta kwanza. Akiona msingi umeondoka, hatafuti udongo wa kuzibia, bali huwatoa watoto ndani, kisha ndipo huanza kujenga upya.